Cheni Iliyooshwa Jumatatu

Kijiwe cha Gungu, mjini Kigoma, kimeezekwa kwa bango. Ni bango la mgombea mmoja wa zamani ambaye jina lake mvua imeshalila, yamebaki meno tu na ahadi ya lami mpaka vijijini. Lami haijaonekana, lakini tuseme ukweli wa Mungu, kivuli amekileta. Chini ya kivuli hicho Frida anauza kahawa na kashata, na pembeni ya jiko lake amepanga chupa za mawese, nyekundu, zinang'aa jua likizipiga. Mbele ya benchi kuna pikipiki sita za bodaboda zinazosubiri abiria, zimetapakaa vumbi la njia ya Ilagala mpaka kwenye taa.

Moja ya pikipiki hizo ni ya Leodgar. Hapo kijiweni hakuna anayemwita Leodgar, anaitwa Honi, na jina hilo hakupewa na babaye. Alipewa na cheni. Kwa miaka miwili cheni yake ililia kwichi-kwichi-kwichi kiasi kwamba yeye akiwa bado Katubuka, watu wa Gungu walikuwa wameshaanza kukimbiza watoto wao pembeni mwa barabara. Tangu Jumamosi, hata hivyo, cheni ilikuwa kimya, na hakuna aliyemuuliza kulikoni. Watu wa kijiweni ndivyo walivyo, wanauliza habari za kelele tu.

Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, Leodgar alikuwa na kikombe cha pili cha kahawa mkononi pale Eliakimu alipofika mbio. Huyu wanamwita Bando, kwa sababu chakula anaweza kukosa siku mbili, lakini bando la simu hapana. Hakuwahi hata kuzima pikipiki vizuri.

"Oyaa! Mmesikia la Katubuka?"

"Kama ni bei ya dagaa, tumesikia," alijibu Castory bila kugeuka.

"Dagaa wapi! Ni Mzee Nikodemu, yule fundi cherehani. Tangu saa moja anazunguka vijiweni na sare ya kwaya ya binti yake. Selina karudi jana kutoka kanisani, sare nyeupe pe, lakini pindo la kushoto lina madoa ya mawese, tone kwa tone, yamepanda mstari mpaka gotini. Kuulizwa, binti anasema alitembea kwa miguu."

Kahawa ya Leodgar iliingia njia isiyo yake. Akakohoa mpaka macho yakamtoka.

"Pole, Honi," alisema Frida, akimtazama kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akamtazama zaidi. "Kahawa ni ya moto."

"Ngojeni, sijamaliza," Bando aliendelea. "Mzee kaenda kulipima doa kwa futi ya cherehani. Kasema madoa ya mstari upande wa kushoto hayatoki kwenye sufuria, yanatoka kwenye cheni ya pikipiki. Sasa anapita na kitambaa cheupe, anafuta cheni za bodaboda moja baada ya nyingine. Atakayekutwa na mawese, ndiye aliyembeba binti yake."

"Akimpata?"

"Akimpata, Jumatano Selina anapandishwa basi kwenda kwa shangazi yake Kibondo. Na huko Kibondo kuna mwalimu mmoja ana nyumba ya bati la rangi, anamsubiri kwa hamu."

"Asipompata?"

"Asipompata, yamekwisha. Atamwamini binti yake."

Leodgar alikitua kikombe chini. Kila mtu alimjua Mzee Nikodemu na msemo wake: bodaboda ataingia uani kwangu akiwa na gunia begani, akishalitua ageuze. Ndiyo maana Leodgar alikuwa anasubiri mavuno ya baba yake yaishe, atume mshenga kwa heshima zote, asije akafukuzwa kama mbuzi aliyeingia shamba la mihogo. Na Selina alikubali kusubiri. Miezi mitatu alikuwa anambeba kutoka kanisani, naye huko nyuma anaimba sauti ya pili karibu na sikio lake mpaka wanafika. Kumpoteza msichana yule kwa ajili ya tone la mawese!

"Lakini tuulizane jamani," alisema Castory, "ni mwendawazimu gani huyo anapaka cheni mawese?"

"Si mwendawazimu, huyo ni mpishi," alisema Bando.

Kijiwe kizima kikacheka. Leodgar naye akacheka, akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kumaliza.

Huyo Castory jina lake la hapo ni Injinia. Anasema alifanya kazi melini, chumba cha mashine, miaka kumi na moja. Kazi gani hasa, hapo ndipo huwa anapata kikohozi. Kidole chake cha shahada kimeishia katikati, na mwenyewe husema kilichukuliwa na pangaboi la meli katikati ya ziwa.

"Cheni dawa yake ni grisi," Injinia alitangaza, kidole nusu kikiwa juu. "Melini tulikuwa hatupaki kwa vidole, tunapaka kwa kiganja! Unachota fumba zima, unakandika kama unakandika ukuta."

"Na vumbi la Ilagala likija?" Frida aliuliza huku akipepea jiko. "Si linakuta matope yameshaandaliwa? Mwezi ukiisha una tofali, cheni huna."

"Ziwani hakuna vumbi."

"Ndiyo nakwambia sasa. Gungu si ziwani."

"Mimi bwana ni oili chafu," alisema Bando. "Nikimwaga oili ya injini, nampa cheni anywe. Hakuna kutupa kitu."

"Ile ina vumbi la chuma humo ndani, inasaga meno ya gia," alisema Frida. "Wewe Bando unaweza kuoga maji aliyoogea mwenzio?"

"Inategemea mwenzangu ni nani."

"Ala! Toka hapa!"

"Ila kwenye simu nimeona mzungu mmoja, mwanangu, ana kopo lake, anapuliza fyuuu, cheni inang'aa, hata mikono hanawi. Karakana yake ina vigae kuliko ukumbi wa harusi."

"Hilo kopo Kigoma lipo?"

"Lipo kwenye simu."

Hapo ndipo Elinipa alipokunja gazeti lake. Elinipa ni afisa aliyeletwa kikazi kutoka Same miaka minne iliyopita, na kila siku saa hizo huwa yuko njiani kwenda ofisini. Kijiweni anaitwa Mchakato, na ukimsikiliza dakika mbili utajua sababu.

"Ndugu zangu, tatizo letu ni kukurupuka," alisema. "Suala la cheni ni mtambuka. Linahitaji mchakato shirikishi. Kwanza tathmini, halafu wadau wakae, halafu yatoke mapendekezo. Mwaka juzi tulifanya semina ya siku tatu kuhusu matengenezo ya vyombo vya usafiri, na ilikuwa na mafanikio makubwa sana."

"Cheni ngapi zilipakwa mafuta?"

"Ile ilikuwa semina ya awali. Tulipewa mikoba."

"Mikoba mnaiona hapo ilipo," alisema Frida, maana mkoba wenyewe Mchakato alikuwa ameukalia. "Sikilizeni mimi ninayeuza mafuta. Kila kitu kina mafuta yake. Mawese ni ya mchuzi wa samaki mgebuka, ni ya maharage, hata sabuni yanatoa. Ukiyapeleka kwenye chuma kinachozunguka, siku ya kwanza yanalainisha, utafurahi. Siku ya pili yameanza kuganda. Siku ya tatu yanakusanya vumbi na wageni."

"Wageni gani tena, Da Frida?" Leodgar aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba.

Frida alinyoosha kidevu tu.

Wote wakageuka. Mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka ukutani, umeipita sinia ya kashata bila hata kuisalimia, umevuka uwanja na kupanda stendi ya pikipiki ya tatu. Pembeni yake kuku wa Frida, shingo kaipinda, alikuwa anadonoa cheni kwa adabu: to, to, to.

Pikipiki ya tatu ilikuwa ya Honi.

"Honi," alisema Frida polepole, "ile chupa ya Jumamosi uliniambia ni ya maharage."

"Nilipika maharage."

"Na yaliyobaki?"

Leodgar alitazama viatu vyake. Alifikiri kusema uongo, lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeshajaa sisimizi. "Cheni ilikuwa inalia, Da Frida. Kila nikimrudisha Selina majirani wanachungulia madirishani. Jumamosi jioni nikaenda dukani kwa vipuri, wamefunga. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta. Na lile kava la cheni nililitoa mwaka jana, lilikuwa linanigongea kelele."

"Kwa hiyo umeinyamazisha cheni," alisema Frida, "nguo ndiyo ikaanza kusema."

"Kumbe kweli kikulacho ki nguoni mwako!" alisema Injinia.

"Hapana, kipo nguoni mwa Selina," Bando alidakia, akataka kucheka, akaona uso wa rafiki yake akaacha.

"Jamani, sitanii," alisema Leodgar. "Akienda Kibondo mimi nimekwisha. Nampenda yule binti. Nitaendesha pikipiki hii niende wapi?"

Watu wakaweka vikombe chini, na kwa kijiwe kile hiyo ni rambirambi kubwa. Simu ya Bando ikalia. Akasikiliza, akaishusha.

"Mzee ametoka Katubuka. Anapandisha huku kwa miguu."

"Dakika ngapi?"

"Kwa miguu yake, dakika thelathini. Kwa hasira yake, kumi na tano."

"Napendekeza tuunde kamati ndogo," alisema Mchakato akisimama.

"Mchakato, shika mswaki," alisema Frida.

Alikuwa nao kweli, mswaki mkuukuu wa kusugulia birika. Akamimina mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, akatandaza boksi chini ya pikipiki, akamfukuza kuku. Leodgar na Bando wakaiinua pikipiki kwenye stendi ya kati mpaka tairi la nyuma likaning'inia.

"Washa, tia gia ya kwanza," aliamuru Injinia. "Tairi lizunguke lenyewe, wewe unasugua tu. Kazi ya dakika moja."

"Thubutu!" alisema Frida. "Injini ibaki imezimwa, tairi lizungushwe kwa mkono. Injinia, hebu waonyeshe hicho kidole."

Injinia akakitazama kidole chake nusu kama ndiyo kwanza anakutana nacho.

"Si pangaboi la meli?" aliuliza Bando.

Kikohozi kikaanza. Kilipokosa mwelekeo, Injinia akasema kwa sauti ya chini, "Ilikuwa pikipiki ya shemeji yangu. Ilikuwa imewashwa. Sasa zungusheni kwa mkono, mnanitazama nini?"

Basi Leodgar akapiga magoti. Mchakato alitoa mswaki kwa mkono uliokunjuka kama anakabidhi hati, na Leodgar akaanza kusugua pingili moja baada ya nyingine, ndani na nje, Bando akizungusha tairi taratibu. Yaliyotoka hapo hayasemeki. Ulitoka ugali mwekundu, ukafuata mweusi, ukatoka uzi wa kanga, ukatoka unyoya. Sisimizi waliokuwa bado mezani waliondoka bila kunawa.

"Huyu alikuwa anaendesha shamba," alinong'ona Injinia.

"Tambara! Tambara liko wapi?"

Bando akavuta fulana kutoka chini ya kiti chake. Ilikuwa fulana ya kampeni, meno yaleyale ya kwenye bango. Wakaifutia cheni mpaka ikakauka, na Frida akasema hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu yule kuifanyia Gungu kazi ya mikono.

Chini ya ugali ule ilikuwepo cheni. Leodgar hakuwahi kujua kwamba cheni yake ina rangi. Ilikuwa ya kijivu cha kung'aa, na kila pingili ilikuwa na herufi ndogo ambazo kwa miaka miwili hajawahi kuzisoma.

"Sasa oili safi, ile nzito," alisema Frida. "Nani anayo?"

Bando, kwa aibu, akatoa kichupa kilichojaa mpaka shingoni. Alikinunua mwaka jana na hajawahi kukifungua. Alikuwa anakitunza.

"Tone moja upande wa ndani, kila pingili. Usimwage, Honi, hukaangi. Zungusha tena. Iache kidogo inywe. Haya, sasa ufute kwa nje."

"Nifute tena? Si ndiyo nimepaka?"

"Iliyoingia ndani ni ya cheni. Iliyobaki juu ni ya nguo za watu. Futa!"

Akafuta. Akafuta mara ya pili, na ya tatu akafuta kwa pindo la shati lake mwenyewe. Boksi likatupwa nyuma ya ukuta, kopo likafichwa, mswaki ukakosa pa kwenda na Mchakato akautia mfukoni mwa shati pamoja na kalamu zake. Wakakaa kwenye benchi wamepanga magoti, wanatazama ziwa kwa mbali kama watu waliokuja kuliona mara ya kwanza.

Mzee Nikodemu akatokeza. Mkono wa kulia ana kitambaa cheupe, wa kushoto ana sare ya kwaya imetundikwa kwenye henga, inapepea.

"Mwakeye," alisalimu kwa Kiha.

"Shikamoo Mzee!" kijiwe kikaitika kwa pamoja, hata Injinia ambaye ana umri sawa naye.

"Marahaba. Habari zangu mmeshazipata, maana Bando yupo. Sina maneno mengi."

Akaanza na pikipiki ya Bando. Akafuta, akageuza kitambaa juani: cheusi tii. Ya pili, cheusi, na mchanga juu. Akaruka ya tatu kwa sababu kuku alikuwa amesimama njiani, akaenda ya nne, ya tano, ya sita. Madereva wake walikuwa pembeni wanacheza drafti, hawakuinua hata macho. Kutu, tope, grisi ya mwaka wa jana. Akarudi ya tatu. Akamsogeza kuku kwa kiatu, akainama, akafuta cheni kwa kona ya kitambaa iliyobaki safi.

Kona ilitoka kama ilivyoingia, na kijistari chembamba tu cha oili. Mzee akaitazama kona ile. Akainusa. Halafu akaja akaketi benchini, akaomba kahawa, akainywa yote.

Leodgar alimwomba Mungu watu wake wanyamaze. Wapi!

"Mzee, kama ulivyojionea," alianza Mchakato, "kijana huyu ni wa mfano. Usafi wa cheni kwake ni utaratibu endelevu."

"Huosha kila Jumatatu," aliongeza Bando.

"Tangu akiwa mdogo," Injinia alimalizia.

Mzee Nikodemu akamtazama Mchakato mfukoni, pale mswaki ulipochungulia kati ya kalamu, ukidondosha mafuta ya taa kwenye shati.

"Mimi nimeshona miaka thelathini na minne," alisema. "Mtu akiniletea suruali ya kuziba, huja nayo kama ilivyo, na jasho lake na vumbi lake. Siku akiniletea imefuliwa na kupigwa pasi, ina tundu moja tu, huwa simuulizi habari za tundu. Namuuliza alikuwa wapi." Akakitua kikombe. "Leo nimepita vijiwe vinne. Nimefuta cheni thelathini na mbili, na thelathini na moja zimenichafulia kitambaa. Wenye nazo hawana wasiwasi, wengine walikuwa wanacheza drafti. Halafu hapa nakuta moja imeoga, Jumatatu saa tatu na nusu. Ni ya nani?"

Leodgar angeweza kukaa tu. Pikipiki haina jina ubavuni. Lakini aliitazama ile sare kwenye henga, pindo lake na vile vitone vyekundu alivyovirusha yeye, akasimama.

"Ni yangu, Mzee. Na aliyembeba Selina ni mimi. Jana, na Jumapili zilizotangulia. Hakutaka kukudanganya, ni mimi niliyemwomba anyamaze mpaka nitume mshenga. Nilikuogopa. Nampenda, Mzee, na sikufanya mzaha naye hata siku moja. Kitambaa cha sare nyingine nitaleta mimi."

Frida akaanza kupepea jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri kabisa.

"Miezi mitatu," alisema Mzee, "kila Jumapili nasikia kwichi-kwichi nyuma ya uzio wangu. Jana sikuisikia. Nikamwambia mke wangu, huyo mtu ama amekufa ama ameanza kujificha. Nani ameiosha cheni hii?"

"Mimi. Hawa walinielekeza."

"Kwa muda gani?"

"Kama robo saa hivi."

"Miaka miwili unaendesha kelele mjini, na dawa yake ilikuwa robo saa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hiyo ukiogopa, unafanya kazi nzuri."

Leodgar hakujua hilo ni swali au ni matusi. Akaitika kwa kichwa.

"Basi uendelee kuogopa," alisema Mzee Nikodemu, akainuka. "Washa. Nirudishe Katubuka."

Akapanda kwa upande, miguu yote kushoto, vilevile kama anavyopanda binti yake. Akatoa mfukoni kitambaa kingine, kipya, kina mkunjo wa pasi, akakitandaza kwenye goti na kukiachia kining'inie karibu na cheni.

"Tukifika, kikiwa na tone moja, la mawese au la oili, shangazi wa Kibondo ana mgeni Jumatano. Kikiwa cheupe, Jumamosi saa nane walete wazee wako. Waje kwa miguu. Cheni za kijiwe hiki bado siziamini."

Leodgar amewahi kubeba mayai, amewahi kubeba kioo cha kabati, amewahi kumbeba mama mjamzito mwenye uchungu kutoka Ilagala, lakini safari ndefu kuliko zote ilikuwa hiyo ya Gungu mpaka Katubuka. Cheni haikutoa sauti. Alitamani ilie kidogo ajue inafanya nini huko chini. Aliyakumbuka maneno ya Frida, iliyobaki juu ni ya nguo za watu, akawa anahesabu moyoni: nilifuta mara tatu, nilifuta mara tatu. Walipokunja kushoto wakaacha lami, vumbi likainuka mpaka masikioni.

Selina alikuwa uani, mbele ya beseni la sabuni. Aliiona pikipiki, akamwona dereva, akamwona abiria, mkono ukamwendea mdomoni.

Mzee akashuka, akainua kitambaa. Kilikuwa chekundu.

Leodgar aliona basi la Kibondo, aliona bati la rangi. "Mzee, nilifuta," alisema. "Wallahi nilifuta mara tatu." Naye ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni.

Mzee Nikodemu alikishika kitambaa kwa ncha mbili, akakikung'uta mara moja, pu! Wekundu wote ukaruka hewani. Akakitazama tena juani, mbele na nyuma. Cheupe pe.

"Hili vumbi si lako," alisema. "Hili ni la yule mwenye bango." Akaelekea ndani, na alipofika mlangoni akaongeza bila kugeuka, "Saa nane, nimesema. Si saa nane na nusu."

Selina aliinamia beseni akacheka mpaka povu likamrukia usoni, na Leodgar akabaki amesimama pale hajui amalize kulia au aanze kucheka.

Wazee walikwenda Jumamosi, kwa miguu, na mambo yalikaa vizuri. Umpe pole Leodgar au umpongeze, hiyo ni juu yako. Ila kijiweni jambo lile liliacha kovu. Habari ilisambaa mpaka Ujiji kwamba Mzee Nikodemu anamtambua mkosaji kwa usafi wake, na tangu hapo madereva wa Gungu wakaogopa maji, sabuni na mafuta ya taa. Cheni zikalia kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mchakato akaandika andiko la kurasa tisa kuhusu tatizo la kelele, na anasubiri wadau.

Wiki ya tatu, asubuhi, watu wanakunywa kahawa yao, Bando akainuka kimyakimya. Akaiinua pikipiki yake kwenye stendi ya kati. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa fulana ya meno na kopo dogo, akaanza kusugua pingili ya kwanza.

Drafti ikasimama. Gazeti likashuka. Injinia akasahau kukohoa. Frida akaacha kumimina kahawa, akashika kiuno.

"Eliakimu," alimwita kwa jina lake la ubatizo. "Binti wa nani?"